Pierre Budin: daktari aliyemrudisha mama kwa mtoto njiti

Mama, kama umejifungua mtoto njiti, yaani kabla ya kutimiza wiki 37 za ujauzito, huenda umewahi kujiona huna kazi wodini. Mashine zinamtunza, wauguzi wanamtunza, wewe umekaa tu kwenye benchi. Mimi ni muuguzi wa jamii, na akina mama wengi huniambia hivyo. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, daktari mmoja aliona hatari ya kumweka mama pembeni.

Joto lilikuja kwanza

Pierre Budin alizaliwa Ufaransa mwaka 1846. Alisomea udaktari Paris, akawa mwanafunzi wa Stéphane Tarnier, bingwa wa uzazi. Wakati huo njiti wengi walikufa kwa baridi, kwa sababu miili yao haina mafuta ya kutosha kuhifadhi joto. Tarnier aliona mashine za kutotolea vifaranga kwenye bustani ya wanyama, akaomba atengenezewe sanduku la joto la watoto. Lilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1880. Kati ya watoto 100 wenye uzito chini ya kilo 2, waliokuwa wakifa walikuwa 66. Baada ya miaka michache walishuka hadi 38.

Budin aliona kilichopungua

Mwaka 1895 Budin alichukua usimamizi wa wodi ya watoto dhaifu katika hospitali ya Maternité, Paris. Alifundisha kwamba njiti ana maadui watatu: baridi, shida ya kulishwa, na magonjwa ya kuambukiza. Kwa hiyo alisisitiza joto, maziwa ya mama na usafi. Mtoto asiyeweza kunyonya alipewa maziwa kidogo kidogo, hata kwa mpira.

Lakini aliona jambo jingine. Mama aliyetengwa na mtoto wake kwa wiki nyingi maziwa yalikauka, na moyo nao ukapoa. Wengine hawakurudi kabisa kumchukua mtoto. Budin hakuwalaumu. Alitaka mama aruhusiwe kuingia, amwone mtoto wake, amnyonyeshe na ajifunze kumtunza mapema.

Kliniki ya kupima uzito

Mwaka 1892, katika hospitali ya Charité, Budin alikuwa ameanzisha kliniki ya watoto wachanga. Watoto waliotoka hospitali wakiwa wazima walikuwa wakifa nyumbani, wengi kwa kuharisha kutokana na maziwa ya ng'ombe machafu. Akawataka mama warudi kila wiki. Mtoto alipimwa uzito, mama alitiwa moyo anyonyeshe, na aliyekosa maziwa alipewa yaliyochemshwa vizuri. Ukipanga foleni na kadi yako kliniki leo, unaendeleza kazi hiyo.

Budin alifariki mwaka 1907. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey alikuwa na masanduku ya joto machache kuliko watoto. Akaanza kuwafunga watoto kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ndiyo njia ya kangaruu. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri ianze mara tu baada ya kuzaliwa kwa njiti na watoto wenye uzito mdogo, isipokuwa mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe hata baada ya kusaidiwa, aliye katika mshtuko, au anayehitaji mashine ya kupumulia.

Wewe ufanye nini?

- Omba kumbeba mtoto kangaruu, saa nyingi kadiri uwezavyo. Baba, bibi au shangazi anaweza kukupokea.
- Kama hawezi kunyonya, kamua maziwa mara 8 au zaidi kwa siku, usiku pia, ili yasikauke.
- Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika, na mwambie kila mgeni anawe.
- Usiruke siku ya kliniki hata kama anaonekana mzima.
- Mrudishe hospitali haraka akikataa kunyonya, akiwa wa baridi au wa moto, akilegea, akipumua kwa shida au akipata degedege.

Kuzaa njiti si kosa lako. Na kifua chako ni sehemu ya matibabu yake.