Jim Bailey: Tajiri wa Johannesburg aliyeileta 'Spear' Afrika Mashariki

WALIOKUWA vijana mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 hawahitaji kuelezwa Lance Spearman alikuwa nani. Mpelelezi huyo mweusi, mwenye kofia ya panama, tai ya kipepeo na gari aina ya Corvette Stingray, alipambana na magenge ya siri katika kurasa za jarida la African Film, ambalo hadithi zake zilisimuliwa kwa picha za watu halisi badala ya michoro. Wengi walimwita Spear tu.

Asiyejulikana sana ni mmiliki wa jarida hilo. Huyo ni James Richard Abe Bailey, maarufu kwa jina la Jim, aliyezaliwa jijini London Oktoba 23, 1919.

Baba yake, Sir Abe Bailey, alitajirika kwa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Mama yake, Lady Mary Bailey, alikuwa rubani, na habari zake zinaigusa Tanzania moja kwa moja. Mwaka 1928, akisafiri peke yake kwa ndege kutoka London kwenda Cape Town, alianguka Tabora na ndege yake ikaharibika kabisa. Mumewe akamtafutia nyingine, mama akaendelea na safari. Jim alikuwa na umri wa miaka minane.

Naye alifuata nyayo za mama. Baada ya kusoma katika Chuo Kikuu cha Oxford, alirusha ndege za kivita za Uingereza katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia na kutunukiwa nishani.

Mwaka 1951 aliweka fedha zake katika jarida jipya la Cape Town, The African Drum, lililoanzishwa na Robert Crisp. Matoleo ya kwanza yalijaa habari za ngoma na mila za vijijini, na wasomaji weusi wa mijini hawakuvutiwa nayo. Bailey akalichukua, akalihamishia Johannesburg, akamkabidhi uhariri Anthony Sampson aliyefahamiana naye Oxford. Jina likabaki Drum.

Hapo ndipo upelelezi wa kweli ulipoanza. Mwandishi Henry Nxumalo alijifanya kibarua ili aingie katika mashamba ya makaburu ya Bethal, na mwaka 1952 Drum likaanika mateso ya wafanyakazi wa huko. Baadaye alijifanya mkosaji ili afungwe, akaone kwa macho yake wafungwa weusi wanavyotendewa. Mwishoni mwa mwaka 1956 aliuawa kwa kuchomwa kisu akiwa katika kufuatilia habari nyingine.

Drum lilisambaa hadi Nigeria, Ghana na Afrika Mashariki, ambako toleo lake lilikuwa na makao Nairobi. Kupitia njia hiyo ya biashara ndipo alipokuja Spear. Mhusika huyo aliigizwa na Jore Mkwanazi, aliyewahi kuwa mtumishi wa nyumbani na mpiga piano wa klabu za usiku. Picha zilipigwa Swaziland, ambayo sasa inaitwa Eswatini, na majarida yakachapwa London. Humo Spear alifukuzana na Rabon Zollo, Dr Devil na wengineo, akisaidiwa na Sonia na kijana Lemmy.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea mashujaa wa Kizungu kwenye sinema za James Bond, ilikuwa fahari kuona mtu wa rangi yake akivaa vizuri, akiamuru na akishinda. Sifa hiyo Bailey anastahili.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo Spear hakuligusa. Adui yake alikuwa daktari mwendawazimu au jambazi. Hakuwa serikali ya ubaguzi wa rangi. Na wakati huo huo Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na wapiganaji wa ANC walikuwa wakipata mafunzo Kongwa. Jarida lenye mizizi Johannesburg lisingethubutu kumtuma shujaa wake huko. Mtu aliyekuwa na Nxumalo miongoni mwa waandishi wake hakuweza kudai kwamba hakuyajua yaliyokuwa yakitendeka.

Pengo hilo lilizibwa na Mtanzania. Mwaka 1974 Aristablus Elvis Musiba alichapisha Kufa na Kupona, na jasusi wake, Willy Gamba, akawakabili maadui wa ukombozi wa kusini mwa Afrika bila kuficha majina yao. Wakati huo African Film lilikuwa limekwisha kutoweka.

Bailey aliendelea na Drum hadi mwaka 1984 alipoliuza kwa Nasionale Pers, kampuni ya makaburu iliyokuwa karibu na chama tawala cha wabaguzi. Hazina ya picha aliibakiza mwenyewe. Kutoka kurasa za Drum ziliandaliwa baadaye kumbukumbu za nchi mbalimbali, kikiwamo kitabu kuhusu Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani Mara.

Alifariki dunia Afrika Kusini Februari 29, 2000, akiwa na umri wa miaka 80.