Kijana Aliyemchosha Baba Yake: Maisha ya John Newton



Katika majuma haya wazazi kadhaa wametufikia nyumbani kwa habari ya vijana wao. Hatutamtaja mtu. Mmoja kijana wake hasemi na baba yake tena. Mwingine ameuza mahindi ya rasheni, na alipoulizwa akavunja mlango. Jamaa yote walimtegemea huyo asome awe muuguzi, awatoe katika maisha haya ya kambi, naye amesema hataki kutegemewa na mtu. Tuliomba pamoja nao, kisha tukaahidi kuandika habari za mtu ambaye wengi tunaimba wimbo wake, ule wa Neema ya Ajabu, lakini wachache tunajua alikuwa kijana wa namna gani.

John Newton alizaliwa London, Uingereza, mwezi wa saba mwaka 1725. Baba yake alikuwa nahodha wa merikebu za biashara katika bahari ya Mediterania, mtu wa safari ndefu, anayekuja nyumbani kama mgeni. Mama yake, Elizabeth, ndiye aliyemlea. Alimfundisha kusoma angali mdogo sana, akamfundisha Neno, naye aliomba mtoto huyu awe mhubiri. Lakini mama alikuwa na kifua kikuu. Alikufa mwaka 1732, siku chache kabla mtoto hajatimiza miaka saba, baba akiwa baharini.

Baba aliporudi alioa mke mwingine, wakapata mtoto wao. John hakupigwa wala hakunyimwa chakula. Aliachwa tu. Alipelekwa shule ya bweni, na mwalimu wa huko alikuwa mkali kupita kiasi hata karibu auvunje moyo wa mtoto. Alipotimiza miaka 11 baba akamchukua baharini. Wengine tungefikiri sasa baba na mwana watajuana. Haikuwa hivyo. Yule mzee alikuwa mtu mwenye haki, lakini baridi, na mwanawe alimwogopa kama mabaharia wengine walivyomwogopa. Miaka mingi baadaye Newton alieleza kwamba alijua baba yake anampenda, ila ilikuwa kama baba hataki mtoto ajue hivyo. Wababa tulio wengi katika makazi haya, hapo tusipite haraka.

Baba alikuwa na mipango mizuri. Alimtafutia kazi kwa mfanyabiashara katika mji wa Alicante, Hispania. Kijana akaiharibu kwa utovu wa adabu. Mwaka 1742 rafiki wa baba huko Liverpool, Bwana Joseph Manesty, akakubali kumpeleka Jamaika awe tajiri. Siku chache kabla ya safari, John alikwenda Kent kuwasalimu jamaa ya Catlett, wale waliomuuguza mama yake mpaka kufa. Akamwona binti yao Mary, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 14, moyo wake ukashikwa. Akakaa huko majuma matatu makusudi, merikebu ikaondoka bila yeye. Baba alikasirika sana. Hata hivyo akamsamehe, akamtuma Venice. Aliporudi akafanya kosa lile lile, na safari hii baba karibu amkane.

Mwaka 1744, akiwa na miaka 18, alikamatwa kwa nguvu na kuingizwa katika jeshi la majini, maana vita na Ufaransa ilikuwa karibu. Wengi wetu tuna watoto waliochukuliwa hivyo njiani, hatuhitaji kuelezwa. Baba yake alimwandikia nahodha wa manowari, na kijana akapandishwa kuwa afisa mdogo. Alipata nafasi nyingine tena! Lakini aliposikia kwamba wataenda mbali miaka mitano, alitoroka. Alitembea kwa miguu kumtafuta baba yake, askari wakamkamata njiani. Alifungwa pingu, akavuliwa nguo, akapigwa viboko mbele ya mabaharia wote, akashushwa cheo.

Hapo hasira yake ilifika mahali pabaya. Alisimama akiangalia nchi yake inapotea machoni, akiwaza kumwua nahodha na kisha kujitupa baharini. Imani aliyofundishwa na mama alikuwa ameitupa, na aliwafundisha wenzake kuikejeli. Jambo lililomzuia, kwa maneno yake mwenyewe baadaye, lilikuwa kwamba hakutaka Mary amfikirie vibaya. Sisi wachungaji tungependa ilikuwa hofu ya Mungu. Haikuwa hiyo, na hatuwezi kuiweka mahali ambapo haikuwepo.

Nahodha alifurahi kuondokana naye. Akamhamishia merikebu ya biashara ya watumwa, nayo ikamleta pwani ya Afrika Magharibi. Huko nako alitunga wimbo wa kumdhihaki nahodha mpya, akawafundisha mabaharia wote. Mwishowe alijikuta katika visiwa vya Plantain, Sierra Leone, mtumishi wa Mzungu mmoja aliyeuza watu. Alipopatwa na homa alitelekezwa bila chakula. Usiku alichimba mizizi akaila mbichi. Katika shida hiyo akamwandikia baba yake.

Na baba, aliyeaibishwa mara nne au tano, alimwomba Manesty amtafute mwanawe. Merikebu moja ya Manesty ilimpata mwaka 1747. Wakati wa kurudi, mwezi wa tatu mwaka 1748, dhoruba ilipasua merikebu usiku, naye akamwita Mungu wa mama yake. Walifika Ireland karibu kufa njaa. Huko nyumbani baba alidhani wamezama. Barua ya John ilimfikia kabla tu hajasafiri kwenda Hudson Bay, Kanada, alikopewa cheo cha gavana wa ngome. Baba akajibu kwa upole, na kabla ya kuondoka alikwenda kwa jamaa ya Catlett kuwapa ruhusa yake kwa ndoa. Hawakuonana tena. Baba alikufa maji huko Hudson Bay mwaka 1750, mwaka ule ule John alipomwoa Mary.

Tuseme na lililo chungu kwetu Waafrika. Baada ya dhoruba ile Newton hakuacha kuuza watu. Alikuwa nahodha wa merikebu za watumwa katika safari tatu, kati ya 1750 na 1754, akiongoza ibada juu huku watu wetu wamefungwa minyororo chini. Aliacha bahari kwa sababu ya ugonjwa tu. Akawa mchungaji Olney mwaka 1764. Wimbo wake ulitumika huko siku ya mwaka mpya 1773. Ni mwaka 1788 tu alipoandika kitabu cha kuungama yale aliyotenda na kuyaona, kisha akatoa ushahidi mbele ya wajumbe wa Bunge. Biashara ile ilipigwa marufuku na Uingereza mwaka 1807, na yeye akafa Desemba mwaka huo huo.

Yeye na Mary hawakuzaa. Walichukua yatima wawili wa ukoo wa Mary, Betsy na Eliza, wakawalea kama wao. Eliza alifariki akiwa bado msichana mdogo, mwaka 1785. Betsy ndiye aliyekaa na mzee macho yalipofifia, akimsomea.