Mwalimu Nyerere na Watuhumiwa wa Chama

Kila tuhuma ya rushwa inapomwangukia kiongozi, swali huwa ni lile lile, barazani Mji Mkongwe na hata maofisini: mbona Chama chake kinamkingia kifua? Ili kulijibu, tumeona tuyatazame maisha ya mtu aliyeongoza Chama kwa miaka mingi kuliko yeyote, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Twajua wako visiwani wenye manung'uniko juu yake kwa sababu ya Muungano. Hayo yana siku yake.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Alisoma Makerere na Edinburgh, akafundisha Pugu, na mwaka 1955 akaacha ualimu pamoja na mshahara wake ili aitumikie TANU, iliyoundwa mwaka uliotangulia. Tanganyika ilipopata uhuru hakuwa na huruma na mla rushwa. Sheria ya mwaka 1963 ilimpeleka mkosaji gerezani kwa miaka miwili na viboko 24: kumi na viwili akiingia, na kumi na viwili siku ya kutoka.

Lakini alitambua kwamba mahakama peke yake haitoshi. Mwaka 1966 alijipunguzia mshahara kwa asilimia 20, na Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha. Kiongozi alikatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kupangisha nyumba. Oktoba ya mwaka huo Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono. Azimio hilo lilikuwa la TANU. Huku kwetu ASP ilikuwa na mwendo wake. CCM ilipozaliwa Februari 1977, sherehe zikafanyika Uwanja wa Amaan, masharti hayo yakawa ya viongozi wa pande zote mbili.

Faida yake ilikuwa moja kubwa: Chama kilikuwa na kipimo chake chenyewe. Hakikulazimika kungoja hukumu ya hakimu ndipo kimwambie mtu aondoke; nyumba ya kupangisha ilitosha. Hatusemi kwamba kila aliyekiuka aliondolewa. Wako waliojificha nyuma ya majina ya wake zao na watoto, na katika mfumo wa chama kimoja nani angewasema?

Hata hivyo kuwajibika kulikuwepo. Katikati ya miaka ya sabini, watuhumiwa waliteswa na baadhi yao kufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga. Mzee Ali Hassan Mwinyi, mtu wa visiwa hivi, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumpiga mtu, wala hakuamuru mtu apigwe, lakini alijiuzulu, na Mwalimu akakubali. Chama hakikuanguka. Mzee Mwinyi naye alikuwa Rais wa Zanzibar mwaka 1984, na wa Jamhuri ya Muungano mwaka 1985.

Mwalimu aliuacha Uenyekiti mwaka 1990. Miezi michache baadaye, Februari 1991, Halmashauri Kuu ya Taifa ilikutana hapa Unguja na kuyalegeza masharti ya uongozi. Arusha palifuatiwa na maandamano. Zanzibar hapakupigwa hata ngoma. Tangu hapo Chama, kikiulizwa juu ya mtuhumiwa, hakina jibu ila kwamba mahakama haijamtia hatiani. Na uchaguzi wa vyama vingi ulipokuja, wakatakikana wenye fedha za kampeni. Ni vigumu kumfukuza anayelipia mafuta ya magari.

Mwalimu hakunyamaza. Katika kitabu chake Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kilichochapishwa Harare mwaka 1994, aliwataka Waziri Mkuu na Katibu Mkuu wa Chama wajiuzulu. Kosa halikuwa la fedha, bali la uongozi katika suala la serikali ya Tanganyika. Lakini aliona Chama kikiwalinda watu badala ya msimamo wake. Mei Mosi 1995, Mbeya, aliishambulia rushwa hadharani.

Kisha, mwaka ule ule, akazunguka mikoani kumwombea kura mgombea wa CCM, Benjamin Mkapa. Wengi walishangaa. Sisi twaona alikuwa na hofu ya kweli, kwamba Chama kikibomoka hakuna kingine cha kuishika nchi. Hofu hiyo hiyo ndiyo wanayoitumia wanaowakinga watuhumiwa: ukiing'oa nguzo, paa litaanguka. Mwalimu alitaka iliyoliwa na mchwa ing'olewe mapema. Wao husema isiguswe.

Wala si ugonjwa wa CCM peke yake. Mwaka 2015 CHADEMA ilimsimamisha kugombea urais mtu ambaye mwaka 2007 ilimtaja katika orodha yake ya mafisadi. Yeye alikana siku zote, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Lakini waliomtaja hawakueleza vya kutosha nini kilibadilika.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Masharti ya mwaka 1967 hayakuwa yamerudi, na hayajarudi hadi leo.