Pio Gama Pinto: Mwanahabari aliyezimwa kwa risasi akiwa na miaka 37

ASUBUHI ya Februari 24, 1965, mwanahabari na mbunge Pio Gama Pinto alikuwa ndani ya gari lake nyumbani kwake Westlands, Nairobi, akingoja lango lifunguliwe. Bintiye mdogo alikuwa naye. Risasi zikafyatuliwa kutoka karibu. Mtoto alinusurika, baba akafariki papo hapo.

Hayo yalikuwa mauaji ya kwanza ya kisiasa tangu Kenya ijipatie uhuru.

Marehemu alizaliwa Nairobi mnamo Machi 31, 1927, katika familia yenye asili ya Goa, wakati huo koloni la Ureno. Alisomea India, akajitosa katika harakati za kuwang'oa Wareno, na kwa kuhofia kukamatwa akarejea Kenya mwaka 1949.

Hapa nchini kalamu ndiyo iliyokuwa silaha yake. Alihariri Daily Chronicle, gazeti la Wahindi waliopinga ukoloni waziwazi. Alipomwoa Emma Dias Januari 1954, fedha alizotoa baba mkwe kama zawadi ya arusi alizitumia kununua mtambo wa kuchapisha. Ni bibi arusi wachache ambao wangelistahimili hilo.

Miezi mitano baadaye alikamatwa. Bila kufikishwa mahakamani, alizuiliwa Takwa, katika kisiwa cha Manda karibu na Lamu, kisha akahamishiwa Kabarnet hadi 1959. Babaye alifariki akiwa kizuizini, na wakoloni hawakumruhusu kwenda kumwona.

Mateso hayo hayakumnyamazisha. Mwaka 1960 alianzisha Sauti ya KANU, na baadaye akaongoza kampuni ya Pan African Press, iliyochapisha Sauti ya Mwafrika, Pan Africa na Nyanza Times.

Uhuru ulipopatikana, wengi wa wenzake walianza kujitafutia mashamba na magari. Pinto, aliyeteuliwa kuwa mbunge Julai 1964, alishikilia kuwa ardhi iliyotwaliwa na walowezi iwafae maskwota na waliotoka vizuizini, wala si vigogo wapya. Hakuwa mtu wa majukwaa. Alipenda kuandika na kupanga mambo nyuma ya pazia, jambo lililowatia wasiwasi wakubwa kuliko kelele za mikutano. Alikuwa pia miongoni mwa waasisi wa Taasisi ya Lumumba, iliyofunguliwa Desemba 1964 kuwafunza makada wa KANU siasa za ujamaa.

Mtu mmoja alihukumiwa kwa mauaji hayo. Alikaa gerezani takriban miaka 35, akikana daima kwamba ndiye aliyefyatua risasi. Waliopanga njama hawajawahi kushtakiwa.

Septemba 1965, shirika la kimataifa la wanahabari lilimtunuku marehemu tuzo mjini Santiago, Chile. Mjane wake alihamia Kanada na mabinti zao watatu. Kaburi la Pinto liko City Park, Nairobi.