Adriano Atiman, Tabibu wa Mwambao wa Ziwa

Katika kijarida cha harambee tumezoea kumkumbuka mtu mmoja ambaye kazi yake iliufaa mwambao wa ziwa letu. Safari hii tumemchagua mtu ambaye hakuzaliwa Katubuka, wala Ujiji, wala popote Tanzania. Alitoka mbali, akatibu watu wa kusini mwetu kwa miaka 67, akafia hukohuko.

Adriano Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, kando ya Mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Angali mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko Wamisionari wa Afrika, wale walioitwa Mapadri Weupe, walilipa fedha wakamkomboa. Sisi wa hapa habari hizo si ngeni kwetu. Miaka hiyohiyo watu wa ng'ambo ya ziwa walikuwa wakishushwa Ujiji, wakapelekwa kwa miguu Tabora na kisha pwani. Miembe ya Ujiji inatukumbusha hadi leo.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, aliona kwamba Waafrika waliosomea uganga wa kisasa ndio wangedumu na kusikilizwa katika nchi za Waafrika wenzao. Mwaka 1881 alifungua chuo kisiwani Malta, na Atiman akawa mmoja wa vijana waliopelekwa kusoma utabibu huko. Alisoma miaka saba. Mwaka 1888 alianza safari ya kuja kwetu: kwa meli hadi Unguja, kisha kwa msafara wa miguu hadi ziwani. Yeye na wenzake waliitwa madaktari-makatekista, kwa kuwa walitibu na kufundisha dini.

Mwaka 1889 alifika Karema, penye ngome iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa kwa wamisionari mwaka 1885. Leo Karema iko Mkoa wa Katavi, lakini kila aliyepanda Liemba kutoka Kigoma kwenda kusini anaijua. Hapo alimwoa Agnesi Wansahira, binti wa ukoo wa kitemi wa Wabende. Mtoto wao Yosefu alikuja kuwa padre. Mgeni wa Niger akawa na wakwe, akawa mwenyeji.

Magonjwa ya mwambao tunayafahamu: malaria, ndui ya zamani, vidonda, na malale yaliyotisha kandokando ya ziwa mwanzoni mwa karne ya 20 hata Wajerumani wakaweka kambi za wagonjwa. Katika hali hiyo mtu mmoja mwenye elimu ya tiba alikuwa tegemeo la vijiji vingi. Alipofika, utawala wa Wajerumani ulikuwa haujakaa sawasawa ziwani. Akawaona wakitawala, akawaona wakiondoka. Mwaka 1916 Wabelgiji waliingia Kigoma na Ujiji, na baada ya vita Waingereza wakashika nchi. Bendera zilibadilika na Atiman alibaki Karema akitibu. Mwaka 1946 maisha yake, kama alivyoyasimulia mwenyewe, yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alifariki mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 90 hivi, miaka mitano kabla ya Uhuru.

Tumeyaeleza haya kwa sababu. Fedha zilizomkomboa Atiman zilimpa uhuru, na huo peke yake ni jambo kubwa. Lakini fedha hizo hazikumfanya kuwa tabibu. Kilichomfanya tabibu ni ile miaka saba ya shule ambayo mtu mwingine aliigharamia. Kama angekombolewa na kuachwa hapo, mwambao wetu usingempata.

Katika kata yetu wapo vijana waliofaulu masomo ya sayansi na kupata nafasi katika vyuo vya afya, kisha wakakwama kwa kukosa ada. Wengine huanza na kuacha katikati. Nasi tunapoumwa tunapanga foleni Maweni, tukilalamika kwamba wahudumu ni wachache. Ndiyo maana mfuko wa mwaka huu tumeuelekeza kwenye ada za vijana wanaosomea uuguzi, utabibu, maabara na famasia.

Wapo wanaouliza: na wakishasoma wakabaki Dar es Salaam? Swali hilo ni la haki, na hatuna kamba ya kumfunga mtu. Atiman naye hakurudi Niger. Alikaa alikopewa kazi, mke na heshima. Basi tukiwataka wetu warudi, tuwasomeshe, na wakirudi tuwapokee: tuwatafutie nyumba ya kupanga, tuwape ushirikiano, tusiwafanye wageni nyumbani kwao.

Ndugu zetu mlio Katubuka na mlio mbali, mchango wowote unapokelewa, mkubwa kwa mdogo. Kila mchango utaandikwa kwa jina la aliyetoa, na taarifa ya matumizi itasomwa mbele ya wote kwenye mkutano mkuu.