Livingstone wa Ujiji: tabibu asiyejitibu

Sisi wa Simbo ni majirani wa Ujiji, na tangu utotoni twaonyeshwa mahali uliposimama mwembe wa Livingstone na Stanley. Safari zake zasimuliwa sana. Afya yake ni nadra, ilhali alikuwa tabibu.

David Livingstone alizaliwa Scotland mwaka 1813. Homa ya malaria aliijua mapema, akatengeneza vidonge vyenye kwinini vilivyomfaa yeye na wenzake. Mwaka 1867 sanduku lake la dawa liliibwa njiani. Mwenye hadhari angerejea pwani kutafuta jingine; yeye akaendelea. Mwanzoni mwa 1869 kichomi kilimlaza hoi. Aliyemuuguza na kuagiza abebwe kwa machela hadi ziwani, akavushwa kwa mtumbwi mpaka Ujiji, ni mfanyabiashara Mwislamu, Muhammad bin Gharib. Wema huo wasimuliaji wengi huupita mbio.

Mwaka 1871 Stanley alimkuta Ujiji amekonda. Kwa chakula cha kutosha nguvu zilimrejea, naye akakataa kurudi kwao kabla ya kukiona chanzo cha Nile. Hata bawasiri iliyomtoa damu miaka mingi alikuwa amekataa kupasuliwa alipokuwa Uingereza.

Wataalamu wa leo wameona kuwa watu makini kwa wastani huishi zaidi, maana hufuata tiba na kuepuka hatari. Umakini wa Livingstone wote ulikwenda kazini. Mwili wake haukupata fungu.

Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, akiwa na miaka 60, akiharisha na kuvuja damu. Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake, wakauchukua kwa miguu hadi Bagamoyo.