Bwana Saint Paul na Ua la Tanga

Walter von Saint Paul alizaliwa katika mji wa Berlin, nchi ya Ujerumani, tarehe 12 Januari 1860. Baba yake, jina lake Ulrich, alipenda sana elimu ya miti na maua. Mapenzi hayo ya baba ndiyo yaliyompa mwana jina lisilosahauliwa, kama itakavyoonekana.

Walter alipokuwa kijana alikuja pwani ya Afrika Mashariki kufanya kazi katika kampani ya Wadachi, maana ndivyo wazee wa pwani walivyowaita Wajerumani. Akajifunza Kiswahili, hata mwaka 1890 akatoa kitabu cha kuwafundisha wenzake lugha hiyo. Walakini siku zile hazikuwa siku za raha kwa wenyeji. Mwezi wa Agosti 1888 kampani ilipandisha bendera yake Pangani pasipo ridhaa ya watu. Vita vikazuka, na Bushiri bin Salim aliyeviongoza akanyongwa huko huko Pangani mwezi wa Desemba 1889. Baada ya vita serikali ya Kijerumani ikaishika nchi, na Saint Paul akawekwa kuwa mkuu wa wilaya ya Tanga.

Mwaka 1892, katika majabali ya chokaa karibu na mji wa Tanga, na tena katika msitu mnene wa milima ya Usambara, Saint Paul aliona mmea mdogo. Majani yake yalikuwa ya mviringo, mazito, yenye manyoya laini kama mahameli. Maua yake yalikuwa ya rangi ya zambarau, na katikati ya kila ua mlikuwa na rangi ya manjano. Mmea huo haupendi jua kali. Hushika katika nyufa za miamba, penye kivuli na unyevu.

Si haki kusema kwamba Saint Paul alikuwa mtu wa kwanza kuuona, kwa kuwa wenyeji walikaa karibu nao tangu kale. Wala hakuwa Mzungu wa kwanza. Mwaka 1884 Sir John Kirk, balozi wa Kiingereza wa Unguja, alikuwa amekwisha kuuchuma pwani. Na mwaka 1887 padre W. E. Taylor wa Mombasa, aliyekijua sana Kiswahili, aliuchuma katika nchi ya Wagiriama. Mimea yao ikapelekwa Kew, karibu na London, ambako mimea ya dunia nzima huwekwa akiba imekaushwa. Lakini ile ilikuwa mikavu na pungufu, hata wataalamu hawakuweza kuieleza vema na kuipa jina. Basi ikalala katika karatasi zake, watu wasiijue.

Saint Paul alifanya neno jingine: alimpelekea baba yake mbegu, ili mmea uote na kuonekana u hai. Mbegu zake ni ndogo mno, karibu kama vumbi. Mzee Ulrich akampa mimea Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen katika mji wa Hannover. Wendland akaitunza hata ikatoa maua, na mwaka 1893 akaueleza mmea ule katika maandishi na kuuita Saintpaulia ionantha. Jina la kwanza ni heshima ya baba na mwana. La pili latoka katika Kiyunani, nalo lamaanisha maua yafananayo na urujuani.

Mwaka ule ule ua hilo likawekwa katika maonyesho makubwa ya bustani katika mji wa Ghent, Ubelgiji, likasifiwa mno. Hapo ndipo ionekanapo faida ya bustani za mimea na nyumba za makumbusho. Kitabu cha wataalamu husomwa na wachache. Bali kitu kikiwekwa wazi mbele ya watu, hata asiyejua kusoma hukitazama, akastaajabu, akauliza kimetoka wapi na chaishije. Na kuuliza ndiko mwanzo wa elimu.

Tena mmea huu una ajabu moja. Jani moja likikatwa pamoja na kikonyo chake, likapandwa katika udongo wenye unyevu, hutoa mizizi, kisha miche mipya. Kwa hiyo mtu yeyote aweza kulijaribu jambo hili nyumbani na kuliona kwa macho yake. Katika miaka ya 1920 mbegu zilifika Los Angeles, Marekani. Watunza bustani wa huko wakachagua mimea iliyo mizuri, nayo ikaenea katika madirisha yasiyohesabika. Saint Paul alifariki Berlin tarehe 12 Desemba 1940. Mwaka 2015 wataalamu waliupima udugu wa mimea hii, wakaiingiza katika jamii ya Streptocarpus. Lakini watunza bustani hawakuliacha jina la Saintpaulia.

Hata hivyo, ua lililoenea Ulaya na Marekani laweza kutoweka kwao. Msitu ukikatwa kwa mashamba na mbao, kivuli huondoka, mwamba hukauka, na mmea hufa. Ndiyo sababu aina nyingi za mwituni zimo hatarini. Huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti na bustani ya mimea mwaka 1902. Na mwaka 1997 msitu wa Amani ulifanywa kuwa hifadhi. Mwanafunzi wa Tanga apandaye huko hana haja ya kuvuka bahari ili kuliona ua la Saint Paul. Na aliangalie tu, asiling'oe. Kwa maana dirishani ni mgeni, na mwambani ndipo kwake.